Mwandikieni mzee wasifu wake angali hai

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyepigana Vita vya Kagera, mwandikieni wasifu wake sasa, akiwa bado anaweza kuusikia na kuusahihisha. Hilo ndilo ninalowaambia rafiki zangu tangu tulipomzika babu, aliyefariki akikaribia miaka tisini. Misibani kwetu historia ya marehemu huandikwa usiku wa kuamkia maziko, na watu waliochoka, wenye majonzi. Ndiyo maana mzee aliyeishi miaka yote hiyo huishia kwenye nusu ukurasa: alizaliwa, alioa, alipigana vita, aliugua.

Babu hakuwa askari wa kazi. Alikuwa mkulima na mgambo, akaitwa mwishoni mwa 1978 baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvamia Kagera na Mwalimu Nyerere kutangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Maneno hayo aliyarudia hadi uzeeni.

Mkimhoji mzee, msimuulize aliua wangapi. Swali hilo linaumiza, na mara nyingi mazungumzo huishia hapohapo. Muulizeni njia: walipanda gari gani, walikula nini, mvua iliwakuta wapi. Babu alipoulizwa habari za Kyaka, ambako adui alilivunja daraja la mto Kagera, alieleza walivyovuka, akamtaja aliyekuwa mbele yake na aliyekuwa nyuma yake. Kutoka hapo akafika mwenyewe kwa wenzake ambao hawakurudi. Akinyamaza, nyamazeni naye. Yapo aliyoondoka nayo, na hiyo ilikuwa haki yake.

Tarehe zitachanganyika, msimbishie. Andikeni anavyosimulia, kisha pembeni wekeni zinazojulikana: huko Uganda, majeshi yetu yaliiteka Masaka Februari 1979, mapigano ya Lukaya yakafuata Machi, Kampala ikaanguka Aprili 11. Kama hajui mwaka aliozaliwa, muulizeni Uhuru wa 1961 ulimkuta ana umri gani, ameshaoa au bado.

Tulipomsomea rasimu, alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na bibi yenu mmemweka wapi?" Basi tukaenda kwa bibi. Akatueleza alivyolima peke yake msimu ule, mtoto mgongoni, na jioni akienda kwa jirani kusikiliza Redio Tanzania, akijua vizuri kwamba redio haitamtaja mumewe. Hakupata barua. Siku babu aliporudi, alimtambua kwa mwendo kabla hajauona uso. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na isingekuwemo kama tungeandika baada ya babu kufariki, maana bibi asingeweza kusema lolote siku zile.

Tena, msiache vita vimeze maisha yote. Babu alikuwa vitani kwa miezi. Miaka iliyofuata, wakati Mwalimu aliomba watu wafunge mikanda kwa miezi 18 na shida ikazidi hapo, sabuni na sukari hazionekani madukani, ndipo alipokuwa mkubwa wa ukoo. Alisomesha watoto wa ndugu zake, akaamua kesi za mipaka ya mashamba bila kupendelea wanawe. Mambo hayo waulizeni majirani na wakwe, kwa kuwa mzee mwenyewe hatayasema.

Rekodini sauti kwa simu, kidogo kidogo, asubuhi akiwa na nguvu. Nakala wapeni ndugu kadhaa, simu hupotea. Nyuma ya picha za zamani andikeni majina kwa penseli.

Siku ya maziko asome mtu aliyeshiriki kumhoji, ili asikwame kwenye majina ya mahali. Kwetu alisoma binamu yangu, bila haraka. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa na babu vitani alisimama akataja kijiji tulichokuwa tumekiruka, kati ya Masaka na Lukaya. Tumeshakiongeza.