Skrubu za nanga katika taya la chini: kutoboa kwanza au kusokota moja kwa moja?

Daktari mwenzetu ameuliza kwa nini skrubu zake za nanga za kupangia meno (skrubu ndogo zinazosokotwa kwenye mfupa wa taya ili meno yavutwe kwa kuegemea kwazo) hushika vizuri katika taya la juu lakini hulegea nyuma ya taya la chini, ilhali anatumia aina ileile kwa wagonjwa wote. Wengi wamemshauri asitoboe kabisa, bali asokote moja kwa moja. Kwa taya la juu naafikiana nao. Kwa taya la chini, uzoefu wangu wa kliniki unanielekeza kwingine.

Kinachoishika skrubu siku ya kwanza ni gamba gumu la nje la mfupa, wala si mfupa laini wa ndani. Gamba lenye unene wa milimita 1 au zaidi hutosha kwa kawaida. Upande wa shavu wa taya la juu gamba ni jembamba, kwa hiyo skrubu inayojitoboa hupenya bila taabu, na kutoboa kabla kungepunguza mshiko wenyewe. Nyuma ya taya la chini gamba ni nene na zito, na skrubu ikilazimishwa humo hugandamiza mfupa unaoizunguka hadi ukapata nyufa ndogo na kukosa damu. Mfupa huo hufa na kuliwa, ndiyo maana skrubu iliyobana sana mwanzoni huja kucheza wiki chache baadaye, kabla mfupa mpya haujajijenga. Mwaka 2006 Motoyoshi na wenzake wa Japani walipendekeza nguvu ya kusokota ya nyutoni-sentimita 5 hadi 10 kwa skrubu za kipenyo cha milimita 1.6. Wenzetu wengi huangalia kiwango cha chini tu, wakidhani kadiri inavyobana ndivyo inavyodumu.

Seremala hasokoti skrubu kwenye mninga kabla ya kutoboa, nasi tufanye vivyo hivyo kwenye gamba nene. Kwa skrubu ya milimita 1.6 mimi hutumia biti ya milimita 1.1 hadi 1.3 kulingana na ugumu ninaouhisi, na hutoboa gamba peke yake, kwani tundu likienda hadi mwisho wa skrubu, nyuzi zake hukosa cha kung'ata. Mkono usiyumbe, maana tundu la duara hugeuka la yai, na hapo uchaguzi wako wote wa kipenyo hauna maana tena.

Joto nalo linastahili uangalifu kuliko linavyopewa. Eriksson na Albrektsson walionyesha mwaka 1983, kwa sungura, kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu zinatosha kuudhuru mfupa. Toboa kwa mwendo wa polepole, toa biti mara kwa mara, na mwagia maji ya chumvi yaliyopozwa muda wote. Tena tupa biti zilizochakaa: zikishapita kwenye mtungi wa kuulia vijidudu mara nyingi huwa butu, nazo husaga mfupa badala ya kuukata. (Kliniki nyingi huhesabu skrubu lakini hakuna anayehesabu biti.)

Iwapo skrubu itazunguka bila kushika palepale kitini, usiiache kwa matumaini kwamba mfupa utaikamata. Iondoe, kisha hamia nafasi nyingine kwenye ufizi mgumu ulio jirani, au weka yenye kipenyo kikubwa zaidi ikiwa picha ya eksirei inaonyesha kwamba mizizi iko mbali.