Picha na mapenzi ya muziki
Umeuliza kama picha, zisizo na sauti, zinaweza kuonyesha jinsi watu wanavyoupenda muziki. Zinaweza, na ushahidi mzuri ni maonyesho ya picha yaitwayo Mali Twist yaliyofunguliwa Paris mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kufariki aliyezipiga, Malick Sidibé, mpigapicha wa Bamako, mji mkuu wa Mali, ambaye katika miaka ya 1960 alizunguka usiku wa Jumamosi kutoka sherehe moja ya vijana hadi nyingine, akarudi studioni kusafisha filamu usiku huohuo, kisha akabandika picha ndogondogo kwenye karatasi ngumu ili waliocheza waje kuchagua na kuagiza zao. Itazame kwa makini ile ya usiku wa Krismasi wa 1963: kijana mwenye suti na msichana aliye pekupeku wameinamisha vichwa hadi vipaji vya nyuso vinakaribia kugusana, macho yako miguuni, wala hakuna anayeijali kamera. Nadhani hiyo inatosha kukujibu, ingawa binafsi huguswa zaidi na vijana waliokwenda kupigwa picha wakiwa na santuri zao mikononi, kwa kuwa walitaka wakumbukwe pamoja nazo.