Manitoli kabla ya gari la rufaa?

SWALI: Shikamooni madaktari. Mimi ni tabibu wa kituo cha afya wilayani Muheza. Msimu wa maembe watoto huanguka mitini. Akiletwa wa miaka 6, kilo 20, ameumia kichwa na hajitambui, nimchome manitoli (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo) wakati tunasubiri gari la kwenda hospitali ya Bombo? Wenzangu wengine hutoa deksamethasoni, dawa ya steroidi.

JIBU: Marahaba. Deksamethasoni iacheni kabisa, haiusaidii ubongo uliovimba kwa kuumia.

Manitoli ina wakati wake, ila presha ije kwanza. Fuvu halitanuki, ubongo ukivimba, damu hupanda kwa shida, na kinachoisukuma ni presha ya mwili. Kwa umri huo namba ya juu ikiwa chini ya 82 (70 jumlisha umri mara mbili) mtoto yuko hatarini, na tungependa iwe juu zaidi ya hapo. Ikishuka, mpeni mililita 200 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mpime tena, mkague na tumbo: huenda anavuja damu ndani. Dripu ya sukari ya asilimia 5 msiitundike. Sukari yake hutumika mwilini, yakabaki maji matupu yanayoingia kwenye ubongo. Hata hivyo sukari ya damu pimeni, na ikiwa chini irekebisheni.

Oksijeni apewe tangu anapofika. Kichwa kinyooke katikati, kola ya shingo isikaze, maana mishipa ikibanwa damu haishuki. Msimwekee mto, inueni kitanda kizima upande wa kichwani, kama nyuzi 30, kwa sababu shingo nayo huenda imevunjika. Mkimpumulisha kwa mfuko, pumzi 20 kwa dakika zinatosha. Mkono wenye hofu hukimbia, na pumzi za haraka hubana mishipa ya ubongo.

Mboni moja ikitanuka, au mapigo yakipungua huku presha ikipanda, hapo manitoli ya asilimia 20: mililita 50 hadi 100 kwa dakika 15 hadi 20. Wekeni mpira wa mkojo, kwani atakojoa sana na presha itashuka. Kwa hiyo mwenye presha ya chini asipewe. Kama mnayo maji ya chumvi ya asilimia 3, mpeni hayo, mililita 40 hadi 100 kwa dakika 10 hadi 20. Chupa ya manitoli yenye chembechembe ipasheni moto mpaka ziyeyuke, ipoe ndipo itumike.

Kwenye barua ya rufaa andikeni saa mboni ilipobadilika na saa dawa ilipoanza.