Ukipangiwa mdahalo wa msamaha wa kodi kwenye bonanza la vyuo

Bonanza la vyuo halina mpira na netiboli peke yake. Timu za Mbeya zikikutana na za Iringa, mara nyingi jioni ya kuamkia mechi huwekwa mdahalo, na wanaosukumwa jukwaani ni mwaka wa kwanza wa uchumi, uhasibu na sheria. Mada ya msamaha wa kodi inapendwa kwa sababu inaonekana nyepesi: nani atapinga bidhaa ya lazima kushuka bei? Timu nyingi huangukia hapohapo. Ukumbi unashangilia, majaji wanakata alama.

Anza na hesabu, hoja zitafuata. Chukua bidhaa ambayo kiwanda cha ndani kinaiuza shilingi 10,000 kabla ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Malighafi, vifungashio na umeme vimegharimu 6,000, na juu yake kiwanda kimelipa VAT ya asilimia 18, yaani 1,080. Katika hali ya kawaida mnunuzi analipa 11,800. Kiwanda kinakusanya 1,800, kinajirejeshea ile 1,080 kilicholipa kwenye manunuzi yake, kinapeleka 720 kwa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Sasa Bunge liisamehe bidhaa hiyo. Kiwanda hakitozi tena VAT, lakini pia hakiruhusiwi kujirejeshea ile 1,080, kwa hiyo inageuka kuwa gharama. Ili kibaki na faida ileile, lazima kiuze 11,080. Nafuu ya mnunuzi ni 720, asilimia 6 na kidogo. Bidhaa ya aina hiyo ikitoka nje kwa 10,000, inapita bandarini bila VAT na inauzwa 10,000. Kabla ya msamaha zote mbili zilikuwa 11,800. Kiwanda cha ndani kimeachwa nyuma kwa 1,080, na sheria yenyewe ilipitishwa kwa makofi.

Hapa utofautishe msamaha na kiwango cha sifuri, maana jaji mwenye taaluma atakuuliza. Kwenye kiwango cha sifuri kiwanda kinatoza asilimia 0 lakini haki ya kujirejeshea 1,080 inabaki, na bei inaweza kufika 10,000. Shida yake ni kwamba Serikali inatakiwa kurudisha fedha taslimu. Marejesho yakichelewa, kiwanda kinabaki na dai mkononi huku mishahara ikisubiri.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kusema "bei itashuka kwa asilimia 18". Hata kodi yote ikitoka na muuzaji asibakize senti, 1,800 ndani ya 11,800 ni asilimia 15.25. Halafu kuna duka la mtaani. Mfanyabiashara mwenye mauzo chini ya shilingi milioni 200 kwa mwaka kwa kawaida hajasajiliwa VAT, kwa hiyo faida anayoongeza juu ya bei ya jumla haina VAT ya kuondolewa.

Mfano wa kushika ni taulo za kike. Zilisamehewa VAT kuanzia Julai 2018, na msamaha ukafutwa Julai 2019 baada ya Waziri wa Fedha kulieleza Bunge kwamba bei haikushuka kama ilivyokusudiwa. Watetezi wa wasichana walipinga kufutwa huko, na hoja yao ina uzito: mwaka mmoja ni mfupi mno, na tatizo la usimamizi wa bei halitibiwi kwa kurudisha kodi. Ukiwa upande wa kuunga mkono, usiukwepe mfano huu, uingie nao. Sema Afrika Kusini iliziweka taulo kwenye kiwango cha sifuri Aprili 2019, kisha onyesha tofauti kwa hesabu ya hapo juu. Ukiwa upande wa kupinga, uliza swali moja tu: ile nafuu ya kodi ilibaki kwa nani?

Ukumbi wa Mbeya au Iringa utataka mbolea, maana wengi wametoka kwenye mahindi, chai na viazi. Usiichanganye na taulo. Sehemu kubwa ya mbolea inaingia kupitia bandari, kwa hiyo msamaha unaondoa kodi yote pale inapoingia, na mkulima ambaye hajasajiliwa VAT asingeweza kujirejeshea kitu. Hapo msamaha unafanya kazi vizuri zaidi. Linganisha na ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23: ruzuku ina kifungu kwenye bajeti, kila mwaka inaombewa fedha na kuhojiwa, na humfikia mkulima aliyeandikishwa. Msamaha hauombi fedha kwa mtu. Unakaa kimya kwenye jedwali la sheria, na mwenye shamba kubwa anafaidi zaidi kwa kuwa ananunua mifuko mingi zaidi.

Ndiyo maana misamaha inapendwa na wanasiasa: anayepata anaonekana na ana jina, anayefidia haonekani. Bajeti ya 2017/18 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, wenye magari wakafurahi. Papo hapo ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Mwenye mashine ya kusaga ya dizeli kijijini Mufindi, asiye na gari, akaingia kwenye kulipia. Kwa kila msamaha utakaoutaja jukwaani, taja na mlango ambao fedha itaingilia. Majaji huipenda sana hiyo, na ni haki kwa wasikilizaji.

Kuhusu ushindani wenyewe: mashabiki wenu watapiga vuvuzela kila mkisema "bei ishuke". Usisubiri wanyamaze, mtunza muda hasimamishi saa. Andikeni 11,800, 11,080 na 10,000 kwenye manila kwa maka pen nene, tarakimu ndefu kama kiganja, ili mstari wa nyuma wasome hata kelele zikizidi. Utani wa vyuo ubaki kwenye kipa wao na jezi zao. Msimguse mzungumzaji wao, wala msitaje chama cha siasa, kwa sababu ukumbi utaacha kugawanyika kwa vyuo na kugawanyika kwa vyama, na hapo hakuna atakayesikiliza namba tena.

Wiki ya maandalizi, mmoja wenu asome jedwali la misamaha kwenye Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani pamoja na Sheria ya Fedha ya mwaka husika. Jedwali hubadilika karibu kila Julai mosi, na noti za kaka na dada wa mwaka wa tatu zinaweza kuwa na bidhaa iliyokwisha kuondolewa.