Mdau wa Masasi, app mpya unazipata hivi

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza utazijuaje tovuti na app mpya mapema, maana we unazisikia washkaji wa Dar wameshazichoka, na bando lenyewe la kuungaunga. Anza na Hacker News, tovuti ya watu wa teknolojia kubandika na kujadili vitu vipya, ipo tangu 2007, ni maandishi matupu kwa hiyo hata mtandao ukisuasua inafunguka, ingia kwenye sehemu yake inayoitwa Show HN, ndo watu wanaleta vitu walivyotengeneza wenyewe, na usiishie kwenye kichwa, shuka kwenye komenti utamu wote uko huko, mtu anauliza data zetu mnaziweka wapi, mwenye app anajibu palepale au anapotea. Product Hunt nayo nzuri, ni tovuti ya app mpya ambazo watu wanazipigia kura, orodha yao ya kila siku inaanza upya saa sita usiku ya California, kwetu inakuwa saa nne au tano asubuhi kutegemea majira yao, we pitia jioni kura zimeshajaa. Ila kura nyingi si ubora, wengine wanaombana tu.

Kwenye kujisajili hapo nakusihi kabisa, usitumie pasiwedi ya imeili yako. Kama una Gmail ongeza + na jina la app hiyo kabla ya ile @, ujumbe unakufikia vilevile, matangazo yakianza kumiminika kwenye anwani hiyo unajua nani kakuuza. Na app ya kupunguza ukubwa wa picha ikitaka namba ya NIDA au ruhusa ya kusoma meseji, futa hapohapo, inataka meseji za nini? Humo ndo zinaingia namba za siri za benki na taarifa za hela ya korosho ya mzee.