Hita ya bafu inasumbua? Maswali yenu ya wiki hii

Simu imejaa, hii baridi ya Julai imeamsha kila hita mbovu kutoka Lanet ya Nakuru hadi Kondele ya Kisumu. Mengi yalikuwa yanafanana kwa hivyo nimechukua haya sita tu.

Fundi, tuko ploti ya Free Area hapa Nakuru. Nikishika koki ya shawa na miguu mitupu stima inanishika kidogo, nikivaa patipati sisikii kitu. Keateka anasema hiyo ni kawaida ya instanti, hizi hita za shawa zinazopasha maji papo hapo.

Hapana mama, si kawaida. Zima ile swichi kubwa ya hita sasa hivi na mpashe maji na sufuria mpaka fundi afike. Patipati haijatibu kitu, imeficha tu, na siku moja mtoto ataingia bila.

Iko hivi, hizi instanti nyingi elementi yake inakaa wazi ndani ya maji, so stima kidogo huwa inavuja, na kazi ya ule waya wa kijani na njano, yaani erthi, ni kuipeleka chini kabla ipitie kwako. Sasa nikifungua hizi hita nakuta waya wa erthi umekatwa ukakunjwa ndani, ama haukuvutwa kabisa, ama fundi ameufunga kwa paipu ya maji. Zamani paipu ilikuwa ya chuma, siku hizi ni PPR, plastiki tupu, hapo ni sawa na kufunga erthi kwa kamba ya kuanika nguo! Na kuna mahali waya uko sawa lakini ile fimbo ya erthi imesimama kwa udongo mkavu kama unga, stima haipati njia.

Mwambie landlodi mambo mawili: erthi ipimwe na mita, sio kuangaliwa na macho, halafu aweke RCD ya miliampia 30, ile inakata yenyewe ikisikia stima inavuja. Na atafute fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya stima na mafuta. Keateka abaki na mambo ya taka na kodi.

Omera, mimi niko Manyatta, Kisumu. Asubuhi maji ni moto sana, ikifika saa mbili usiku ni vuguvugu tu. Nibadilishe hita?

Usinunue kitu bado. Saa mbili kila mtu ako nyumbani, pasi, koili, tivii, na volti inashuka. Hita ya kilowati 5.5 ikipata volti 200 badala ya 240 inabaki na nguvu ya kama kilowati 3.8, hesabu haihurumii mtu. Kwa sasa punguza tu koki, maji yakipita polepole yanashika joto zaidi. Kwa stima kamili, maji ya lita 3 kwa dakika yanaongezwa kama digrii 26, ukifungulia ikawa lita 6 unapata digrii 13 peke yake. Ndio maana hita ileile nikiifunga Kisumu mtu anafurahi, nikiifunga Nakuru ananipigia simu kesho yake, maji ya Nakuru yanaanza yakiwa baridi zaidi.

Lakini ukiona waya ama swichi ikishika moto, hiyo ni kesi nyingine. Hita kama hiyo inavuta karibu ampia 23. Waya wa unene wa 2.5 (milimita mraba) ni wa soketi, hapa weka 4 ama 6, na breka ya ampia 32.

Niko Kakamega. Hita mpya, maji yanatoka lakini haiwaki kabisa. Tangi iko juu ya paa la jikoni.

Paa la jikoni, na bafu iko urefu huohuo, ama? Ndani ya hita kuna mpira unaosukumwa na maji ndio stima iguse. Maji yasipokuwa na nguvu mpira hausogei. Mita 10 za kwenda juu ndio bar 1, so tangi ikiwa futi mbili juu ya shawa huna presha ya maana. Inua tangi ama weka pampu ndogo. Lakini kabla utumie pesa zima stima, fungua kile kichujio pale maji yanaingilia, mchanga hujaa hapo.

Tunatumia maji ya kisima, Kiamunyi, Nakuru. Elementi inaungua kila baada ya miezi mitatu na fundi ananiuzia nyingine kila saa.

Fundi wako amepata shamba la kuvuna, kaka. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi (floraidi ndio inachora meno ya watoto, hiyo ni hadithi tofauti), na chumvi inakula elementi iliyo wazi na kuongeza stima inayovuja. Nunua hita ya maji ya chumvi, ile elementi yake imefunikwa. Inauzwa ghali kidogo lakini inakaa. Pia ukibadilisha elementi pitisha maji baridi kwanza, hita ijae, ndio uwashe. Wengi wanawasha ikiwa kavu na inaungua siku hiyohiyo halafu wanalaumu duka.

Tokeni zinaisha haraka tangu tuweke instanti. Bungoma.

Dakika 10 za kuoga ni karibu uniti moja. Mko watu wangapi?

Hita yetu ya tangi, Milimani Kisumu, inadondosha maji kwa kile kivalvu cha pembeni. Nimeambiwa nikizibe.

Usizibe!! Maji yakipashwa yanapanuka na presha inatoka nje kupitia hicho kivalvu, ukiziba umetengeneza bomu juu ya dari. Ikidondosha kidogo wakati inapasha tu, sawa, wekea paipu ipeleke nje. Ikidondosha mchana na usiku, basi valvu imechoka ama presha ya laini ni kubwa, badilisha valvu na ukiendelea kuona maji weka ya kupunguza presha. Na kama inanguruma kama sufuria ya uji, kuna uchafu umelala chini, zima stima, iache ipoe, mwaga maji yote ukaangalie yanatoka na rangi gani.