Ripoti ya Dopla inasema damu ya diastoli haipo: mama asubiri au apewe rufaa?

SWALI: Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya wilayani Pangani. Nina mama wa mimba ya kwanza, wiki 33, mtoto amekadiriwa kilo 1.5. Amepigwa utrasaundi ya Dopla (inayopima mtiririko wa damu) Tanga mjini na ripoti inasema kwenye ateri ya kitovu "damu ya mwisho wa diastoli haipo". Presha yake ni 130/85, mtoto anacheza, mapigo 140. Nimpangie kurudi kliniki baada ya wiki mbili? Je, kipimo hiki kinaweza kutuambia kama atajifungua kwa njia ya kawaida?

JIBU: Wiki mbili ni nyingi mno, tabibu. Mpeleke Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, leo hii.

Kondo likiwa zima, damu ya mtoto huendelea kuliingia hata moyo wake unapopumzika, yaani wakati wa diastoli. Vimishipa vya kondo vikiharibika, ukinzani hupanda: kwanza PI (namba inayoonyesha ukinzani wa mshipa) inavuka sentaili ya 95, yaani inazidi ya mimba 95 kati ya 100 za umri huo, kisha damu ya diastoli inakatika, mwisho inarudi nyuma. Mgonjwa wako yuko hatua ya pili. Mapigo 140 yasikutulize, kwani kwa watoto hawa mapigo huharibika mwishoni kabisa, na kucheza pia.

Utajiuliza kama wiki zimehesabiwa sawa, hasa kama mama anakisia tarehe ya hedhi. Kilo 1.5 ni uzito wa kawaida kwa wiki 30, lakini kwa wiki 33 ni mdogo sana. Hata hivyo, mimba ikishapita wiki 16 hivi, damu ya diastoli haipaswi kukosekana, kwa hiyo kosa la hesabu haliiondoi hatari.

Kinachoweza kudanganya ni kipimo chenyewe. Chujio la mashine likiwekwa juu hufuta mtiririko wa polepole, na diastoli "inapotea" wakati ipo; liwe hertzi 60 au chini. Skeli ya kasi ikiwa kubwa mno, mawimbi yanabanwa chini usione kitu. PI ni uwiano, hivyo pembe kati ya probu (kifaa kinachoshikwa tumboni) na mshipa haiibadilishi sana, ila ikikaribia nyuzi 90 damu ya polepole haionekani kabisa. Pima kitanzi cha kitovu kinachoelea, kwa sababu karibu na tumbo la mtoto ukinzani huwa juu zaidi kuliko karibu na kondo. Mama aegemee ubavu, mtoto awe ametulia na hapumui, yapatikane mawimbi manne hadi sita yanayofanana. Bombo watarudia, na wataangalia pia ateri ya kati ya ubongo wa mtoto na daktasi venosi (mshipa unaopeleka damu ya kitovu kuelekea moyo wake).

Damu ya diastoli isipokuwepo, mtoto huzalishwa kati ya wiki 32 na 34. Ikirudi nyuma, wiki 30 hadi 32. PI ikiwa juu tu na diastoli ipo, anaweza kufuatiliwa mara moja au mbili kwa wiki hadi wiki 37. Huyu tayari yumo ndani ya dirisha lake, kwa hiyo kinachosubiriwa ni deksamethasoni tu, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto: miligramu 6 kwenye msuli kila saa 12, dozi nne. Piga simu kwanza. Mkikubaliana, na kama hana dalili za maambukizi, mpe dozi ya kwanza kabla gari halijaondoka. Baada ya sindano, diastoli inaweza kuonekana tena kwa siku chache. Kondo halijapona, na mama asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. (Uji wa lishe na kulala kitandani pia havilifufui, ingawa ndugu watashauri hivyo.)

Kuhusu njia ya kujifungua, Dopla haipimi nyonga. Inaonyesha akiba ya mtoto, yaani uwezo wake wa kustahimili damu ikipungua. Kila uchungu unapobana, damu kwenye kondo hupungua, na asiye na akiba huchoka mapema. Ndiyo maana diastoli ikikosekana au ikirudi nyuma, kwa kawaida upasuaji hupangwa. Kama diastoli ipo, kuanzishiwa uchungu kunawezekana, mradi mapigo yafuatiliwe mfululizo kwa mashine. Kusikiliza kwa fetoskopu kila nusu saa hakutoshi.

Kwenye barua ya rufaa andika tarehe ya hedhi, tarehe ya utrasaundi ya kwanza kama ipo, namba ya PI na saa uliyotoa deksamethasoni. Ambatisha na picha ya mawimbi, maana bila hiyo watakaompokea hawataweza kujua kama hali imezidi. Njiani mama alalie ubavu.